Maji Hayakubeba Karatasi Ile

Wiki jana, wasomaji wangu, niliwaacha mlangoni mwa ofisi yangu. Mama watatu wa komite ya wazazi walikuwa wamesimama mbele yangu na barua, na mimi Mwamvua, sekretere wa shule ya sekondari hapa Kasenga, mjini Uvira, nilikuwa nimeshawaambia uongo. Niliwaambia karatasi wanayoitafuta ilibebwa na maji.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: nimeshasimulia nilivyofukuzwa na mume wangu wa kwanza, kaka zangu walivyouza duka la marehemu baba kabla arobaini haijafika, na nilivyopata kazi ya ofisi nikadhani balaa limenisahau. Halikunisahau. Lilikuwa limeenda kula tu.

Sasa tuendelee, maana nikikawia nitaogopa na sitasema.

Karatasi yenyewe ni ya remise-reprise. Kila mkubwa wa shule anapotoka na mwingine anapoingia, wanaandikishana: madawati mangapi, funguo ngapi, na mwisho kabisa, anayeondoka amepewa nini kama shukrani. Préfet wetu wa zamani, yaani mkuu wa shule, muzee Venant, aliondoka mwezi wa saba mwaka jana baada ya kuongoza shule miaka ishirini na miwili. Mwaka mzima wazazi walichangishwa kwa ajili ya kumuaga. Mtoto ambaye mzazi wake hakumaliza mchango ule alirudishwa nyumbani.

Lakini alipewa kiasi gani? Hakuna mzazi aliyewahi kuonyeshwa.

Na mahali pasipo karatasi, mdomo unaandika wenyewe. Watu walisema dola elfu tano. Wengine wakasema elfu nane, na kwamba muzee amejenga nyumba Bujumbura. Wauza samaki wa Kalundu wakaanza kumwita samaki mukeke mwenye tumbo kubwa "préfet". Mwezi huu wa tano wazazi wakasema imetosha, watamshtaki. Kabla ya kumshtaki wanataka kuona karatasi.

Kiongozi wao ni Mama Consolée, muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu. Ni mama mfupi, hacheki ovyo, na hasahau tarehe.

Nikiri jambo moja: kwa mji wetu, uongo wa maji ni uongo mzuri. Ziwa lilipopanda lilibeba vyeti vya ndoa, vitambulisho, vitanda, hata ahadi za watu. Ukikosa kitu Uvira sema maji, na hakuna atakayekuuliza zaidi, kwa sababu kila mtu ana chake kilichozama. Nilikuwa nimeusema mara nyingi ukanitoka bila hata kufikiri.

Mama Consolée alinitazama, kisha akakunja vidole kimoja kimoja.

"Mama Secrétaire, maji ilipanda mwezi ya ine. Muzee tulimuaga mwezi ya saba. Ile maji ilibeba namna gani karatasi yenye haikuwa imeandikwa bado?"

Wenzake wawili wakacheka kwa pua. Nikasema nimechanganya, pengine iko kwenye makabati, nitatafuta. Maneno yalitoka mengi, na mtu akisema maneno mengi ofisini ujue ameshakamatwa.

Hakubishana. Aliweka barua mezani, na pembeni yake akaweka kopi.

"Haina shida. Utupigie cachet ku copie yetu."

Hapo ndipo nilipojimaliza. Miaka saba, kila barua iliyoingia katika ofisi ile, mkono wangu ulifanya kazi ileile: unachukua muhuri, unagonga wino, unapiga, unaandika tarehe, unaweka sahihi. Mkono wangu hauulizi. Siku ile ulitangulia kichwa. Nilipozinduka, mama wale walikuwa wameshafika kwenye lango la shule, wanapuliza wino ukauke, na nakala yao ilikuwa na muhuri wa shule unaosema kwamba tumepokea ombi lao.

Barua ilisema wazi: mzazi aliyechanga ana haki ya kujua mchango wake umemfikia nani. Jumamosi kutakuwa na mkutano mkuu. Karatasi isomwe pale.

Préfet mpya, Protais, aliniita kabla chai yangu haijapoa. Wakati wa muzee Venant alikuwa msaidizi wake, na ndiye aliyekusanya michango. Si mtu wa kupiga kelele. Angepiga kelele ningemchukia vizuri zaidi. Aliniuliza kwa upole kwa nini nimewapa wazazi silaha kwa mkono wangu mwenyewe. Nikasema ni mazoea. Akasema mazoea yangu yatatufunga wote wawili.

Kisha akaegemea kiti, akafikiri, akatabasamu. Kwa kweli tunaogopa nini, akauliza. Karatasi ina sahihi ya nani?

"Muzee njo alisinya kama amepokea. Soma tu. Bamupeleke yeye ku parquet, si siye."

Parquet ni kwa mwendesha mashtaka. Kila kilichoandikwa kwenye karatasi ile kilikuwa kweli, madawati, funguo, kengele, isipokuwa mstari mmoja. Na ukweli wa mstari ule niliujua mimi na Protais, na muzee mwenyewe. Ndivyo nilivyodhani.

Ndugu msomaji, mambo ya mume na ya duka la baba nilitendewa. Hili nilitenda mimi.

Kwetu, bahasha ya kumuaga mtu haifunguliwi mbele ya wageni. Ukiifungua umeonyesha njaa. Unaipokea kwa mikono miwili, unashukuru, unaenda nayo nyumbani. Asubuhi ya siku ya kumuaga muzee, Protais aliingia ofisini kwangu na bahasha ya kaki. Ilikuwa tupu. Akasema michango "imepanda juu", imeenda Bukavu kwa wakubwa ili yeye apate kiti. Ingerudi wakati wa likizo, na muzee angelipwa kimyakimya, watu wasijue kitu.

"Weka karatasi ndani, iwe nene kidogo," akasema. Kisha akaongeza kwamba dosye yangu ilisafiri katika safari ileile.

Dosye yangu ya kuomba ajira ya serikali. Miaka saba nilikuwa nikifanya kazi bila jina langu kuwa kwenye listi ya serikali. Wenzangu walio kwenye listi wanalipwa na serikali. Mimi niliishi kwa kidogo kilichobaki kwenye michango ya wazazi, siku kikibaki. Nilikuwa na mtoto wa kike, Raïssa, anayetaka kula kila siku kama watoto wote. Hayo nayasema mjue tu, sitaki mnisamehe kwa ajili yake.

Nilichukua karatasi za mitihani zilizobaki, nikazikata kwa mkasi wa ofisi. Nilipima kwa noti yangu ya dola tano ili zilingane. Mungu anisamehe, nilipima. Nikazipanga, nikazitia, nikabandika gundi. Na baada ya hapo mkono ukafanya ulichozoea: ukachukua muhuri ukapiga juu ya mdomo wa bahasha, nusu kwenye kifuniko, nusu kwenye bahasha yenyewe, kisha ukaweka sahihi kupita katikati, kama tunavyofunga bahasha za mitihani ili asitokee mtu wa kuifungua bila kujulikana. Hakuna aliyenituma kufanya hivyo. Nilifunga bahasha ya uongo kwa sheria zote za ofisi.

Mchana muzee aliipokea kwa mikono miwili mbele ya mpiga picha, akasaini kwamba amepokea. Wamama wakapiga vigelegele. Mimi nilipiga kuliko wote.

Likizo ikapita. Muzee hakulipwa. Jina langu halikuingia kwenye listi. Kila asubuhi nilifungua ofisi nikijua leo muzee atakuja, ataweka vipande vile mezani, ataniuliza. Hakuja. Miezi kumi hakuja wala hakutuma mtu. Nikajiambia alifungua, akaona, na aibu ikamfunga mdomo. Angalau angenitukana. Kimya chake kilinifanya nishindwe hata kukaa kwenye kiti, wenzangu wakawa wananiuliza kama nina minyoo.

Alhamisi Protais akanituma Lubarika, alikostaafia muzee. Nimwambie wazazi wana hasira, wanaweza kumpiga, afadhali aende Bujumbura kwa binti yake mpaka mambo yatulie. Akanipa nauli. Nilikubali haraka, kwa sababu moyoni nilikuwa nimeamua kwenda kuungama.

Nilishuka kwenye gari barabara kuu, nikachukua moto, pikipiki ya abiria, mpaka kijijini. Nilitafuta nyumba inayomfaa mkubwa wa shule. Nikaonyeshwa nyumba ya vyumba viwili yenye mabati ya zamani, na muzee mwenyewe alikuwa kwenye shamba la mpunga, suruali imekunjwa hadi magotini, matope mpaka kwenye viwiko. Aliponiona alifurahi, akanawa mikono haraka kama mtu aliyetembelewa na mkubwa wake.

Mkewe, mama Anne-Marie, akaniletea muhogo na maharage. Muzee aliuliza habari za walimu wote, mmoja mmoja kwa jina. Akauliza kama paa la darasa la nne bado linavuja. Nikasema linavuja. Akatikisa kichwa kwa huzuni, mtu ambaye mji mzima unamwita mlaji, anahuzunikia paa letu.

Nilitoa ujumbe wa Protais wote mpaka mwisho. Wangu mwenyewe haukutoka. Nilisema "muzee", nikamega muhogo. Nikasema tena "muzee", nikaomba maji ya kunywa. Ulimi uliosema uongo mbele ya mama watatu bila kuhema, siku ya kusema kweli ukawa mzito hivyo.

Yeye akaweka sahani chini.

"Mama Mwamvua, sitakimbia. Mambo ya ile bahasha nitaisema mbele ya bantu bote."

Nilimuuliza kama ana hasira na mimi. Alionekana kushangaa. Akasema mimi nilifanya kazi yangu tu, sahihi yangu aliiona.

Basi amekwisha kuniandika kwenye kitabu chake cha wakosaji, nikawaza. Alinisindikiza mpaka kwenye moto, akanifungia kilo mbili za mchele wake mpya kwenye mfuko. Njia nzima nilipakata mchele ule nikilia, hadi dereva akaniuliza nimefiwa na nani.

Kwa Protais nilisema muzee amekubali kwenda Bujumbura. Kwa nini? Sijui. Labda nilitaka aingie mkutanoni akiwa amejiamini, na aanguke kabla yangu.

Maana nilikuwa nimeshajipangia. Ijumaa nilitoa karatasi ile ilikokuwa, chini ya nguo zangu za vikwembe, ndani ya valizi chini ya kitanda. Nitaisoma, nikasema. Muzee akisimama na vipande vyake, nitasimama na mimi, nitasema bahasha ililetwa na Protais ikiwa imeshafungwa, mimi sikujua kilichomo. Nani atabisha? Nilikariri maneno hayo usiku na mchana mpaka Raïssa akaniuliza naongea na nani.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Protais alikaa mbele, shati limepigwa pasi, ananichekea. Mama Consolée alifungua kwa sala fupi, kisha akaonyesha nakala yenye muhuri wangu, akasema ofisi ilipokea ombi la wazazi, sasa iwajibu.

Nikasimama, nikasoma. Madawati mia mbili na kumi na manne. Kengele moja. Funguo kumi na saba. Watu walisikiliza kwa subira, kama wanaosubiri ubwabwa uive. Nikafika kwenye mstari wa mwisho: préfet anayeondoka amepokea mkononi mwake dola elfu mbili na mia nane, shukrani ya wazazi, akasaini.

Ukumbi ukavuma. Mama Consolée alikaa taratibu. Binti yake Délice alirudishwa nyumbani wiki ya mitihani kwa sababu ya mchango ule, akarudia mwaka.

"Kumbe ni kweli alikula," akasema kwa sauti ndogo.

Mzazi mmoja akasema Jumatatu wote kwa parquet. Akaomba mikono. Mikono ikapanda, mingi sana, na Protais akaandika kwenye daftari lake kwa utulivu.

Mikono ikiwa bado juu, mlango wa nyuma ukafunguliwa.

Muzee Venant alikuwa amevaa suti ileile ya siku ya kuagwa, viatu vina udongo wa Lubarika. Watu walimpisha, na si kwa heshima. Kijana mmoja akasema "mukeke huyo". Kalamu ya Protais ikasimama, akanigeukia. Mimi nilikuwa natazama mfuko wa plastiki aliobeba muzee.

Alisalimia. Wachache waliitikia. Akasema hatachukua muda.

"Bazazi, siku muliniaga, asubuhi nilikuta mutoto wa mama Consolée analia ku portail ya shule. Balimufukuza juu ya feza ya kuniaga miye. Sikujua kama kuko batoto banafukuzwa. Nikajiuliza, hii feza nitaikula namna gani?"

Akageukia upande wa Mama Consolée.

"Kuikataa mbele ya bageni ingekuwa matusi kwenu. Nikapokea, nikasinya. Nyumbani sikufungua. Nilingojea muniite, hakuna mwenye aliniita. Kuirudisha ku bureau mulango imefungwa, nilikataa. Kitu muntu anapewa mbele ya bantu, anakirudisha mbele ya bantu."

Akatia mkono kwenye mfuko.

Nilikuwa nimejiandaa kwa vipande vya karatasi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa kidole, kwa laana ya mtu mzima. Alichotoa kilikuwa bahasha ya kaki, pembe moja imegugunwa na panya kidogo, mdomo umefungwa vilevile nilivyoufunga. Muhuri wangu ulikuwa mzima. Sahihi yangu ilipita katikati, haijakatika hata kwa upana wa uzi.

Miezi kumi muzee hakunyamaza kwa aibu. Hakujua.

Mama Consolée aliipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza, akaiinua juu, kisha akaipitisha mstari wa mbele ili kila mtu aguse.

"Cachet iko nzima," akasema. "Mujionee benyewe."

Wale waliotaka parquet wakashusha mikono, kisha wakaanza kupiga makofi nayo. Mama mmoja akapiga kigelegele, kirefu, kama kile nilichopiga mimi. Kijana wa mukeke akaenda kumshika muzee mkono. Mama Consolée alilia waziwazi, hakujifuta. Akamwomba muzee msamaha kwa niaba ya wote, akasema kwa fedha hii watoto wote waliofukuzwa watarudi darasani Jumatatu, akaanza kuwataja kwa majina. Watoto kumi na mmoja.

Mimi nilitafuta yale maneno niliyokariri. Kwamba bahasha ililetwa imeshafungwa, kwamba mimi sikujua. Sahihi ilikuwa imepita mbele ya macho ya ukumbi mzima, na hakuna mzazi asiyeijua. Iko kwenye kila risiti ya mtoto wake.

Protais akasimama. Akapendekeza ofisi ipokee bahasha, ihesabu kwa utulivu, itoe ripoti wiki ijayo. Kwa mara ya kwanza nilisikia sauti yake imekauka.

Mama Consolée akasema hapana. Akaenda kwenye meza yangu, akachukua mkasi wangu wa ofisi, akaniletea pamoja na bahasha. Akaniwekea vyote viwili mkononi kwa upendo, mama yuleyule niliyemwambia maji.

"Mama Secrétaire, ni weye ulifunga. Fungua, uhesabu kwa sauti, bazazi basikie."

Muzee Venant alinitazama akitabasamu, akanitikisia kichwa kunipa moyo.

Nikaingiza ncha ya mkasi chini ya kifuniko, mpaka pale muhuri unapoanzia. Mkono wangu, ule uliozoea kutangulia kichwa, ukakataa kusogea. Na watu wote wakanyamaza ili wanisikie nikihesabu.